Sura ya Tisa: Ree Ikawa Lee

Karatasi yenyewe haikuzidi kiganja cha mkono. Inspekta Kezia aliilaza mezani, akainyoosha kwa ncha ya kalamu na kuisoma kwa mara ya sita tangu asubuhi. Ilikuwa na mistari ya buluu, na maneno yake yaliandikwa kwa herufi kubwa za kuchonga, za mtu asiyetaka mwandiko wake ujulikane.

LEE – DOA MOJA, JUU KULIA.
MFALME – MADOA MAWILI, JUU KULIA.
MALKIA – DOA MOJA, CHINI KUSHOTO.
ULU – MKWALUZO MLEFU.

Karatasi hiyo ilikutwa jana, Jumapili alasiri, ndani ya begi la Dokta Nchagwa Kisyeri, mwalimu wa hesabu wa chuo kikuu na mchezaji wa poka wa kuogopwa. Pembeni yake palikuwa na sindano. Mashindano yalikuwa yamefika meza ya mwisho katika Hoteli ya Msasa, nje kidogo ya mji wa Mugumu, na mshindi alikuwa apelekwe Afrika Kusini kucheza na mabingwa wa bara zima. Ghafla mchezaji mmoja akanyanyua karata juu ya mwanga na kusema zimetiwa alama. Kweli zilikuwa na alama. Mabegi yakapekuliwa, na Dokta akalala mahabusu.

"Afande, hii kesi imejimaliza yenyewe," alisema Konstebo Felix, kijana mwenye bidii aliyehamishiwa Mugumu kutoka Songea miezi miwili iliyopita. "Tazama hizo r na l. Karata ya ree kaiita lee, ya uru kaiita ulu. Huyo ni Mkurya mtupu. Wote huku wanazichanganya."

Kezia hakumbishia. Naye alikuwa amezisoma hivyohivyo. Lakini kesi ikijimaliza yenyewe huwa haimpi raha, na muda wenyewe ulikuwa mfupi. Mkuu wa kituo alishasema kwamba ikifika saa nane mchana jalada linakwenda kwa hakimu. Chuo nacho kilipiga simu asubuhi hiyo: mhadhiri akisomewa shitaka la wizi wa kwenye kamari, kesho yake anasimamishwa kazi. Saa ya ukutani ilionyesha saa tatu kasoro.

"Mlete," akasema.

Dokta Nchagwa aliingia akiwa na shati lililokunjamana na macho mekundu. Alikuwa mtu mrefu wa miaka arobaini na kitu, mzaliwa wa Nyarero, kule Tarime. Chuoni, akiwa mbele ya wanafunzi, huzishikilia l zake kwa nguvu zote. Leo, baada ya kulalia benchi la mahabusu, zilikuwa zimemponyoka zote.

"Habari ya kulala, Dokta?"

"Sijarara, afande."

"Pole. Wakati wa mapumziko jana begi lako lilikuwa wapi?"

"Ririkuwa mahari pake. Chini ya kiti changu. Mimi nirikuwa nje napunga upepo."

Felix aliandika mbiombio. Kezia akachungulia maelezo.

"Felix, umeandika mahari. Hapa anaoa nani?"

"Ndivyo alivyosema, afande."

"Amesema mahali."

"Ndivyo nirivyosema," Dokta akadakia, akiwa mnyofu kabisa. "Mahari."

Felix akafuta, shingo imemwiva. Kezia aliusogeza ushahidi mbele ya mtuhumiwa, na Dokta akausoma bila kuugusa.

"Sikuandika mimi. Na kama ningetaka kutia arama, ningeandika ya nini? Ninakumbuka."

"Unakumbuka nini?"

"Karata zote zirizopita. Jana turicheza raundi mia na arobaini. Uriza yoyote."

Hapa Kezia hakuweza kujizuia. "Raundi ya kumi na saba."

Dokta alifumba macho kidogo. "Nirikuwa na tisa ya kopa na saba ya kopa. Brayan akaweka dau kubwa, nikatupa karata zangu. Yeye arikuwa na ree mbiri."

"Kama ulitupa, ulijuaje alichoshika?"

"Arizionyesha. Hakuna mtu arimwomba. Brayan akikuweza, razima akuonyeshe."

Kezia aliliweka jina hilo akilini. Brayan ndiye aliyenyanyua karata juu ya mwanga. Hilo peke yake si kosa, maana anayegundua wizi lazima aseme.

"Hivi mtu wa hesabu, msomi, anafuata nini kwenye kamari?"

"Hesabu yangu ni ya mambo yasiyojurikana, afande. Unapima kutojua kwako, unajua kama ni kukubwa au kudogo. Poka ni hayohayo, ira unakaa na watu." Kwa mara ya kwanza alitabasamu. "Watu wanadhani mchezo ni kuzuga. Kuzuga ni kugumu. Ukizuga, dau zako zote razima zisimurie hadithi moja, tangu karata ya kwanza mpaka ya mwisho. Wengi wanaupamba mwisho, mwanzo wanausahau. Basi mimi natafuta tu mahari hadithi iripokatika."

"Na hii?" Kezia akagonga meza karibu na karatasi. "Imekatika wapi?"

Dokta alitazama tena, kwa muda mrefu, kisha akatikisa kichwa. "Siioni. Rakini ipo."

Mtu huyu angeweza kulia, kuapa kwa Mungu au kumtaja mbunge anayemfahamu, kama wafanyavyo wengi kwenye kiti kile. Yeye alimpa hesabu ya kufanya. Kezia alimpenda kwa hilo, ingawa hakumwambia.

Saa nne walikuwa Hoteli ya Msasa. Kezia alienda moja kwa moja kaunta, kwa sababu karatasi ile ilikuwa na kitu kingine ambacho Felix hakukitilia maanani: matundu mawili madogo upande wa juu, kama ya pini. Ilichanwa kutoka kwenye kitu kilichobanwa.

Mhudumu wa zamu aliitwa Boke, dada mnene mwenye kilemba cha kijani na sura isiyobabaika. Mfukoni mwa aproni yake kilichungulia kitabu cha oda. Jalada lake gumu lilikuwa limechapishwa KITABU CHA ODA – NAKALA MBILI.

"Naomba hicho, dada."

Boke akampa. Kezia alipokifungua alishangaa. Ndani hakukuwa na kurasa za kitabu cha oda, bali vipande vya daftari la shule lenye mistari ya buluu, vimebanwa kwa pini mbili.

"Vitabu vya hoteri viriisha mwezi jana," Boke alieleza. "Bosi anasema vinakuja, vinakuja. Nikakata daftari ra mwanangu, nikaribana kwenye jarada ra zamani. Wageni wakiona jarada, wanaona ni kitabu."

Kezia akailinganisha karatasi yake na kipande cha juu. Mistari ilikaa sawasawa, na matundu yakaangukia penyewe. Felix alivuta pumzi, kisha akamvuta afande wake pembeni.

"Kwao wapi, huyu?" akanong'ona.

"Muulize."

"Nyarero," Boke akajibu kutoka kule kaunta, maana masikio yake yalikuwa mazima. "Kumoja na kwa Dokta. Na sijamwandikia karatasi yoyote, kama ndicho mnachotafuta. Mama yake ni mzee wa kanisa retu. Ningemtazamaje?"

Felix alishapata kesi mpya, ya watu wawili wa kijiji kimoja, na uso wake ulikuwa unang'aa kwa furaha. Kezia alimwacha ang'ae. Yeye alikuwa anafunua kurasa za Boke moja baada ya nyingine. *Meza 2, wari kuku, saradi. Meza 4, pirau nyama, maji makubwa. Meza 1, chapati mbiri, mayai.* Alitabasamu. Yeye mwenyewe ni Mnata wa hapahapa Serengeti, lakini miaka minne ya sekondari aliisoma bweni Tarime mjini, kule Turwa, amezungukwa na wasichana wa Kikurya. Wari na pirau vilimkumbusha foleni ya bwalo.

"Kitabu hiki huwa unakiacha?"

"Jumapiri asubuhi nirikiacha hapa kaunta, nikaenda jikoni. Wachezaji wote waripita kunywa chai. Niriporudi kirikuwepo."

"Kuna aliyekuomba?"

"Hakuna."

Basi ni mtu yeyote kati ya wachezaji sita. Kezia alikichukua kitabu, akasaini kupokea kielelezo, na kumwambia Felix awatake wageni wote wasiondoke. Brayan alisema ana ndege ya saa kumi kwenye kiwanja kidogo cha mbugani. Kezia akamjibu kwa upole kwamba atamhitaji kituoni saa saba, dakika chache tu.

Saa sita na robo walipofika kituoni, kwenye benchi la nje alikuwa ameketi mama mmoja mkongwe, mgongo umenyooka, kitenge kimefungwa hadi kifuani. Miguuni pake palikuwa na chungu kidogo kilichofungwa kwa kitambaa. Askari wa zamu alisema yupo tangu saa nne. Alitoka Nyarero kwa usafiri wa alfajiri, na amekataa kuonana na mwanawe.

"Shikamoo mama," Kezia alisema akiinama.

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye mkubwa?"

"Ndiye ninayeshughulikia. Wewe ni mama yake Dokta?"

"Regina. Nimezaa watoto saba, huyu ndiye wa mwisho." Alitazama mbele, si usoni pa Kezia. "Karata nirimkataza akiwa mdogo. Akasema, mama, ni hesabu. Nikanyamaza, maana hesabu mimi siijui. Sasa nasikia kwamba ameiba. Kwetu mwizi harudi nyumbani. Uniambie wewe, kwa kinywa chako. Kama ameiba, nirudi na chakura changu. Kama hajaiba, nimemretea ugari wa wimbi, apewe, hajara tangu jana."

Kezia alifungua mdomo amjibu, akaufunga. Akabaki ameinama vilevile, mkono mmoja kwenye goti.

"Mama, hebu rudia."

"Nirudie nini?"

"Umemletea nini?"

Bi Regina alimtazama kwa mashaka, kama mtu anayejiuliza kama polisi siku hizi hawasikii. "Nimemretea chakura. Ugari. Are."

"Asante sana mama," Kezia alisema taratibu. "Nipe saa moja. Usiende popote na huo ugali."

Aliingia ofisini kwa hatua ndefu, Felix nyuma yake. Aliilaza karatasi mezani, akakifungua kitabu cha Boke pembeni yake, na kuketi.

"Felix, soma kitabu cha Boke. Sauti ya juu."

"Wari kuku. Saradi. Pirau. Chapati mbiri."

"Herufi gani imekosewa?"

"L, afande. Kila mahali penye l ameweka r."

"Kuna mahali penye r ameweka l?"

Felix alifunua kurasa tano, sita, kumi. "Hakuna."

"Na maelezo ya Dokta, uliyoandika mwenyewe ukafuta? Mahari. Sijarara. Na yule mama hapo nje?"

"Chakura," Felix akasema, na sauti yake ilikuwa imeanza kupungua.

"Sasa soma karatasi."

Felix alisoma kimoyomoyo, midomo ikitembea. Lee. Ulu. Mkwaluzo mlefu. Halafu akarudi juu, kwenye neno lililokaa pale tangu asubuhi bila kuulizwa na mtu, limeandikwa vizuri mara mbili nzima.

"Kulia," akasema. "Ameandika kulia. Na malkia. L zake zote ziko sawa."

"Mkurya angeandika juu kuria. Angeandika markia. Na uru angeiacha kama ilivyo, kwa sababu r ndiyo herufi yake ya nyumbani, hawezi kuipoteza." Kezia aliegemea kiti. Alijionea aibu, tena aibu hasa, maana miaka minne alilala kitanda kimoja cha juu na chini na msichana wa Nyamongo aliyekuwa akimwambia kila usiku *rara sarama*. "Felix, mimi na wewe tumesikia tu kwamba Wakurya wanachanganya, tukaishia hapo. Aliyeandika hii naye aliishia hapohapo. Alijua kuna mchanganyo, hakujua unaelekea upande gani. Hapa ndipo hadithi ilipokatika."

"Kwa hiyo ni mtu asiye wa huku, anayejifanya."

"Anayependa kuonyesha," Kezia aliongeza, na kutazama saa. "Nipe chai. Halafu yule mgeni akija, wewe kaa na kalamu yako, andika kila neno kama linavyotamkwa. Usirekebishe chochote."

Brayan alikuja saa saba kamili, msafi, ananukia, miwani ya jua imekaa juu ya kichwa. Alikuwa mtu wa Dar es Salaam, mchangamfu, na alimpa Kezia mkono kama anayemkaribisha ofisini kwake.

"Niko kwa ajili yako, afande. Tumalize, nisikose ndege."

"Hatutachelewa. Kwanza hongera, jicho lako kali. Wengine watano hawakuona kitu."

"Poka ni macho."

"Mimi siijui. Na huyu Dokta umecheza naye mara nyingi?"

"Fainali nne." Tabasamu lilipungua kidogo. "Ananipiga zote. Watu wanasema ni akili. Haya, sasa tumeiona hiyo akili."

"Kitabu cha oda cha hoteli unakijua? Hii karatasi imetoka huko."

"Kitabu cha oda? Hapana. Mimi naagiza kwa mdomo tu. Sijawahi kukishika wala sijui kinafananaje."

Kalamu ya Felix ilikwaruza. Kezia alicheka kidogo, cheko la mtu aliyechoka na kazi, akasukuma kikombe cha chai kando.

"Nikwambie kweli, shida yangu kubwa leo imekuwa kumsikia huyo mtu. Konstebo wangu amefuta maelezo mara tatu. Wewe mnaelewana vipi naye?"

"Aah, Dokta?" Brayan alifurahi, akaketi vizuri. Hakuhitaji kuombwa mara mbili. Alikunja uso ukawa mzito, akashusha sauti. "'Habali za leo, lafiki yangu. Kalata zako leo ni nzuli sana.' Mezani tunakufa kwa kicheko."

Felix alianza kucheka kwa mazoea, halafu kicheko kikakatika katikati. Akainama, akaandika: *lafiki. Habali. Kalata. Nzuli.*

"Unamwigiza vizuri," Kezia alisema.

"Kipaji, afande."

"Basi nikuonyeshe mimi nilichonacho." Alifungua droo, akakitoa kitabu cha Boke, na kukiweka mezani kikiwa kimefungwa, jalada juu, KITABU CHA ODA – NAKALA MBILI. Akaweka kiganja juu yake. "Aliyeandika karatasi hii alichana ukurasa wa juu tu. Akasahau kwamba kitabu cha nakala mbili kina kaboni. Kilichoandikwa juu kimebaki chini, mwandiko wake wote, na alama za vidole vyake kwenye kaboni. Ndiyo maana sina wasiwasi na saa nane. Nilitaka tu kukupa nafasi ya kusema kwanza."

Brayan aliutazama mkono wa Kezia. Aliutazama uso wake. Mchezaji ndani yake akaamka, na jambo alilolipenda kuliko yote, la kumwonyesha mtu kwamba amemwona, likamjia mdomoni kabla hajalizuia. Akatabasamu.

"Unanizuga, afande. Kile hakina kaboni. Ni vipande vya daftari tu."

Kezia hakusogea. "Kile kipi?"

Nje, pikipiki ilipita na kupotea. Kezia alikifungua kitabu taratibu, ukurasa kwa ukurasa, ili Brayan aone alichokwisha kukiona Jumapili asubuhi.

"Kwa nje hakuna anayeweza kujua," alisema. "Mimi mwenyewe nilishangaa nilipokifungua. Na wewe umesema hujawahi kukishika. Felix ameandika."

Miwani iliteremka kutoka kichwani ikaangukia mapajani. Brayan aliiokota, akaikunja, akaikunjua.

"Fainali nne," akasema hatimaye, kwa sauti ndogo ambayo haikuwa ya mtu yeyote aliyeigizwa. "Hata hanitazami anaponishinda. Anatazama dari, anahesabu. Nilitaka mara moja tu atoke mezani yeye."

"Kazi yake ingekwenda. Na nyumbani kwao asingerudi."

"Hilo sikulifikiria."

"Najua," Kezia alisema, akamsogezea kalamu na karatasi safi. "Anza na Jumapili asubuhi. Na uandike kwa Kiswahili chako mwenyewe."

Saa nane kasoro robo mkuu wa kituo alisaini kumwachia Dokta Nchagwa. Kezia hakumtuma mtu. Alitoka mwenyewe hadi kwenye benchi, akachuchumaa ili macho yake yawe sawa na ya mama.

"Hajaiba, mama. Ninakwambia kwa kinywa changu. Aliyeiba tunaye ndani, na mwanao hakuhusika."

Bi Regina alikivuta chungu mapajani. Machozi yalimtoka mara moja, mengi, akayafuta kwa pembe ya kitenge kwa hasira, kana kwamba yamemkosea adabu. Kisha akaanza kufungua kitambaa cha chungu, vidole vikihangaika na fundo. Dokta alikuwa amesimama mlangoni, mkanda wake mkononi, anaogopa kusogea kuliko alivyoogopa hakimu.

"Mama," akasema. "Ni hesabu tu."

"Nawa mikono," mama akamjibu. "Hesabu itakungoja. Ure kwanza."

Walikaa pamoja kwenye lile benchi, na Dokta alikula kwa matonge makubwa ya mtu aliyesahau kwamba ana shahada tatu. Ndani, Felix alikuwa amejaza kitabu cha matukio. Kezia alichungulia juu ya bega lake akasoma: *Saa 7:45 mchana. Mtuhumiwa ameachiwa huru. Amekwenda kura na mama yake.*

Alichukua kalamu ili arekebishe. Akaitazama ile r, akatazama nje dirishani, kisha akairudisha kalamu mezani na kuiacha ilivyo.